Nani Amelisoma Daftari la Iresha

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msipoteze muda kumtafuta mwingine. Wapo walioshuka ufukweni kuokota samaki bahari ilipojivuta nyuma, na watu huwasema mpaka leo, lakini hao walijipeleka wenyewe. Hawakumwita mtu. Mimi niliita. Niliita kwa sauti niliyoinoa tangu nina miaka kumi na mitatu, sauti inayomwamsha abiria aliyelala behewa la tatu na kumshawishi kwamba ana njaa.

Jina langu ni Upasena. Nauza bajia kwenye treni ya pwani, kutoka Ambalangoda hadi Galle, kisha narudi. Bajia zetu ni za dengu, bapa kama kiganja, na juu ya kila moja amelala kamba mmoja wa bahari, mzima na ndevu zake. Mke wangu Mallika huzikaanga alfajiri nyumbani kwetu Meetiyagoda, mbali kidogo na pwani, nami huzipanga kwenye kapu la ufito lenye mkanda wa shingoni. Mallika husema mimi ndiye punda pekee katika wilaya anayejifunga mzigo mwenyewe halafu akaimba.

Bajia hizo tulizifungia karatasi za madaftari ya shule. Kwetu mwaka wa shule unakwisha Desemba, na Desemba ndipo sisi wauza bajia hupita nyumba kwa nyumba kukusanya madaftari yaliyojaa. Mama wa nyumba anatoa madaftari, mimi natoa bajia, tunaagana tukicheka. Mallika anayakata na kuyakunja pembe. Abiria walipenda sana. Mtu anatafuna huku anakagua hesabu za mtoto asiyemjua. Niliwahi kumwona karani mzima amekasirika kwa sababu mtoto alitiwa alama ya kosa penye jibu sahihi. Alitaka nimpe jina la mwalimu.

Kule Peraliya, kati ya reli na bahari, kulikuwa na nyumba ambayo mlango wake wa jikoni ulitazama reli. Hapo alikaa Dada Yasawathi, mjane aliyesokota usumba wa nazi, pamoja na binti yake mmoja, Iresha, mwenye miaka tisa na meno mawili ya mbele yaliyouzidi mdomo wake. Katikati ya Desemba mwaka ule nilifika kuchukua madaftari yao. Yasawathi akanipa yote isipokuwa moja. Moja lilikuwa limekumbatiwa.

"Mjomba, hili lina nyota," Iresha aliniambia. "Ni la insha."

"Ndiyo maana nalitaka. Bajia zangu haziwezi kuvaa karatasi ya mtu wa mwisho darasani."

"Watalitupa dirishani."

"Watalisoma kwanza. Treni yangu inapanda mahakimu, inapanda madaktari. Wewe utasomwa mpaka Galle, mama."

Alifikiri. Mama yake alikuwa akicheka, akaniambia nimwache, mtoto huyo hata kucha zake huzikata kwa masharti. Na kweli, sharti lilikuja.

"Basi uje uniambie nani amelisoma. Na amesemaje."

Nikaweka mkono kichwani pangu, nikaapa. Mimi ni mwepesi wa kuahidi. Ni sehemu ya biashara. Nikaondoka na daftari lake chini ya kwapa, naye akanisindikiza mpaka kwenye kokoto za reli kuhakikisha silikunji.

Siku ya ishirini na sita ilikuwa Jumapili, na ilikuwa sikukuu ya mwezi mpevu. Treni ilijaa mpaka milangoni: watu waliokwenda kusalimia jamaa, watu waliovaa meupe kwenda hekaluni, watoto na zawadi zao. Siku kama hiyo washika dini hawali nyama wala samaki, basi nilibeba bajia za aina mbili, zenye kamba na zisizo na kamba, nikapita nikitangaza kwamba hizi ni za watakatifu na hizi ni za wakosefu, na kila mtu achague kwa dhamiri yake. Bibi mmoja wa meupe matupu alitazama kushoto na kulia, akachukua ya wakosefu. Behewa zima lilicheka. Nawakumbuka wote waliocheka. Hilo ndilo tatizo langu, nawakumbuka mpaka rangi za vifungo.

Treni ikasimama Peraliya, mahali ambapo haisimami. Nilifika mlangoni nikaona maji. Hayakuja kama wimbi. Yalikuja kama maji ya mtu aliyesahau kufunga mfereji, yanapita kati ya nyumba, yanabeba ndoo, yanabeba viti vya plastiki, na nyuma yake watu wanakimbia wakipiga kelele. Yakafika kwenye magurudumu. Yakafika ngazini. Behewa likatikisika kidogo, likatulia.

Leo kila mtoto wa nchi hii anajua neno tsunami. Asubuhi ile hakuna aliyelijua. Mimi nilitazama chini, nikaona watu wamezama mpaka kifuani, nikatazama nilipo, nikaona chuma. Chuma kizito, kirefu, cha serikali. Akili yangu ikaniambia jambo lililokuwa la maana kabisa, na mpaka leo nikiliwaza upya naona lilikuwa la maana kabisa. Nikaita.

"Njooni huku. Pandeni. Hii si mtumbwi, hii ni treni, haizami."

Nikawafanyia na mzaha. Niliwaambia leo safari ni ya bure, mkaguzi wa tiketi ameloa. Kuna waliocheka wakiwa ndani ya maji. Wakaja. Walikuwa wanaelekea bara, wengine wao, kwenye njia ya juu inayopita mashambani, wakageuka wakaja kwangu. Niliwavuta watu kumi na tisa kwa mikono hii. Wengine walipanda juu ya paa, wengine walijibanza upande wa pili wakitumia treni kama ukuta.

Wa kumi na tisa alikuwa Iresha. Alitokea kati ya vichwa vya watu, amevaa gauni jeupe la hekaluni, amelowa mpaka nywele. Akaniona, na mtoto yule, katikati ya maji yale, akaniuliza:

"Mjomba, nani amelisoma?"

"Panda kwanza," nikamwambia. "Panda nikuambie."

Nikanyoosha mikono, akaja juu. Alikuja mwepesi kama aliyeruka. Nilimuuliza mama yake yuko wapi, akasema anakuja. Nikamsimamisha ndani, pembeni ya bibi wa bajia ya wakosefu, naye bibi akaanza kumkausha uso kwa ncha ya sari.

Maji yakarudi baharini. Hilo ndilo lililotumaliza, yalirudi. Tulipumua. Mtu mmoja akasema imekwisha. Niliegemea mlango nikiwa nimejaa sifa, nikitunga kichwani jinsi nitakavyomsimulia Mallika, na Iresha akanivuta shati akinikumbusha deni la habari. Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa amelisoma. Mallika alikuwa hajalikata bado. Nikafungua kinywa nimdanganye, nimwambie hakimu fulani amelisoma na amelia machozi.

Sikumaliza hata neno la kwanza. Ukuta wa maji uliotujia haukuwa wa buluu. Ulikuwa mweusi, na ndani yake kulikuwa na milango, kulikuwa na ng'ombe, kulikuwa na paa la nyumba ya mtu likiwa na vigae vyake. Kimo chake kilizidi kimo cha treni. Haukuwa na haraka. Behewa liligeuka kama mtu anavyojigeuza kitandani, taratibu, tena likageuka. Nilikuwa nimemshika mkono. Kisha sikuwa nimemshika. Sijui kama nilimwachia au aliniponyoka. Nimejiuliza kwa kila namna, nimemuuliza hata mtawa, na mkono wenyewe haujibu.

Nilijikuta kwenye dimbwi la kulowekea makumbi ya nazi, nyuma kabisa, nimekaa kitako kama mtu anayesubiri chai. Kapu lilikuwa bado shingoni. Tupu, isipokuwa kamba mmoja aliyenasa kwenye ufito na ndevu zake. Nilimtazama yule kamba muda mrefu sana. Nilidhani nikiacha kumtazama itanibidi nitazame kitu kingine.

Nilitembea mpaka Meetiyagoda. Mallika alikuwa amekaa sakafuni amezungukwa na pembe za karatasi. Habari zilikuwa zimemfikia tangu saa nne, na tangu saa nne alikuwa amekata na kukunja, kukata na kukunja, kwa sababu hakujua aifanyie nini mikono yake. Alimaliza rundo lote la Desemba. Aliponiona hakusimama. Aliikunja ile iliyokuwa mkononi mpaka mwisho, akaiweka juu ya nyingine, ndipo akalia.

Sikumwambia habari za kuita. Nilimwambia treni ilianguka.

Reli ilitengenezwa baada ya miezi miwili hivi, nami nikarudi kazini, kwani tumbo halina matanga. Lakini sauti haikurudi. Nilipita kati ya viti kimya na kapu langu, na watu wakanunua bila kuitwa. Wote tulikuwa tumepigwa na bumbuwazi la aina moja. Mtu alinunua bajia akasahau kuila.

Siku ile ya kwanza, tulipopita kituo cha Kahawa, bwana mmoja mwenye miwani alimaliza bajia yake, akanyoosha karatasi gotini, akasoma. Kisha akasoma kwa sauti, kama watu wanavyofanya wakikuta jambo zuri.

"'Treni hupita mbele ya nyumba yetu mara kumi na moja kwa siku. Mimi sijawahi kupanda. Mama amesema nikifaulu tutapanda. Nikipanda nitakaa upande wa bahari.'" Akaniangalia juu ya miwani. "Huyu mtoto anaandika vizuri. Ana nyota hapa. Ni wako?"

Nilimnyang'anya karatasi. Nilimnyang'anya hasa, kwa nguvu, mpaka miwani ikamwanguka. Alianza kunifokea, na wakati huohuo treni ikaingia Peraliya, na behewa zima likanyamaza, naye akanyamaza. Dirishani hapakuwa na nyumba. Palikuwa na sakafu za nyumba, moja baada ya nyingine, safi kama zimefagiliwa. Sakafu ya jikoni ya Yasawathi niliitambua kwa rangi yake nyekundu.

Sijawahi kupanda. Nilirudia maneno hayo mpaka Galle. Safari yake ya kwanza nilimkatia tiketi mimi.

Nyumbani nilifungua pembe zote. Mallika alidhani nimerukwa na akili, kisha alipoona ninachotafuta akakaa chini akafungua na yeye. Tulitafuta mwandiko ule, wenye herufi zilizolalia kulia kama zinapigwa na upepo. Tulizipata karatasi nyingi. Chache zilikuwa zimekwenda na abiria, zimetupwa dirishani kama mwenyewe alivyosema. Mallika alizipiga pasi ya mkaa, moja moja, kisha tukazitia kwenye kopo la biskuti. Hapo ndipo nilipomwambia yote. Alisikiliza, akaweka pasi, na hakunitania kwa mwezi mzima. Mwezi ule ulinitisha.

Tangu hapo nafungia magazeti. Wateja wa zamani hulalamika kwamba bajia inanuka wino na siasa.

Niliamini kwamba Yasawathi amekufa. Mtoto alisema mama anakuja, na baada ya lile neno lilikuja lile lililokuja. Hesabu ilikuwa fupi. Mwaka uliofuata, siku ileile, treni ilisimama Peraliya kwa ajili ya kuwakumbuka, kama inavyosimama kila mwaka, na watu wakakusanyika kando ya reli na maua na picha za watu wao. Nikaangalia kutoka mlangoni. Akawa amesimama pale. Yasawathi, amevaa meupe, amekonda, mkono mmoja umekaa vibaya kidogo. Wengine wote walikuwa wamekumbatia picha. Yeye alikuwa na mikono mitupu. Bahari haikumwachia nyumba wala sanduku, achilia mbali picha. Cha mtoto wake hakuwa na hata kiraka.

Mimi nilikuwa nacho. Kopo zima.

Mnaona mahali pa kushuka, sivyo? Mtu angeshuka akampa. Mimi niliingia ndani nikakaa sakafuni mpaka treni ilipoondoka. Maana kumpa daftari ni kumwambia nimelipataje, na nilimwona wapi mwenye daftari mara ya mwisho, na nilimwambia nini. Panda nikuambie.

Mwaka uliofuata nililibeba kopo. Nikashuka. Nikasimama ng'ambo ya reli, nyuma ya nguzo ya umeme, nikarudi nalo. Mwaka mwingine vilevile. Yasawathi alikuwa amehamishiwa nyumba mpya huko bara, na kila mara nilijisemea nitakwenda huko wiki ijayo, mahali penye utulivu. Wiki ijayo hiyo niliisubiri miaka kumi na tisa. Mallika alipoona nakwepa, ulimi wake ukarudi kazini.

"Kopo limekwenda kuhiji tena," alikuwa akisema ninaporudi. "Limepata baraka? Nilipike?"

Au: "Mtoto wa watu alitaka asomwe mpaka Galle. Wewe umemfungia ndani ya kopo kama biskuti za mgeni."

Neno hilo la mwisho lilinikaa rohoni. Nilimjibu kwamba yeye hakuwa mlangoni siku ile. Akasema kweli hakuwa, lakini amekuwa ndani ya nyumba hii siku nyingine zote, na amechoka kulala na mtu anayevuta mtu usingizini.

Mwaka wa ishirini alivaa sari yake nyeupe bila kuniambia, akachukua kopo yeye. "Leo litashuka," alisema, "hata kama wewe hushuki."

Alinitoa nyuma ya nguzo kwa kunishika mkono kama mtoto mwizi, akanivusha reli, akanisimamisha katikati ya watu. Sikuwahi kusogea karibu kiasi kile. Mtawa alikuwa akisoma majina ya marehemu, ili dua na thawabu ya sadaka ya siku hiyo iwafikie huko waliko. Kila familia ilikuwa imetoa karatasi ya majina yake. Nilikaa kichwa chini. Majina yalikuwa yanapita kama mabehewa. Kisha nikasikia:

"Iresha, binti wa Yasawathi. Na Upasena, muuza bajia."

Niliinua kichwa. Nilidhani nimesikia sauti ya ndani yangu. Mtawa alikuwa ameshapita majina mengine mawili. Nilimtazama Mallika, naye amenitumbulia macho, kinywa wazi, mwanamke ambaye kwa miaka thelathini sijawahi kumwona akikosa neno. Akalipata baada ya muda.

"Haya, marehemu," akaninong'oneza. "Umeitwa. Nenda ukaitike."

Akanipa kopo, akanisukuma.

Yasawathi aliniona nikiwa hatua tatu. Hakupiga kelele. Alinitazama miguu kwanza, kama watu wanavyomkagua mzimu, kisha uso. Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia sikufa. Ilikuwa sentensi ya kijinga, lakini ndiyo iliyokuja.

"Kila mwaka nimekutolea sadaka," alisema polepole. "Nimekuombea uzaliwe pema. Na wewe ulikuwa unauza bajia."

"Ndiyo, dada."

"Na ulikuwa wapi siku kama hii?"

Nikaionyesha nguzo. Aliitazama ile nguzo ya umeme, akarudisha macho kwangu, na sikuweza kuyavumilia, nikampa kopo. Alilifungua pale pale, amesimama. Harufu ya mafuta ya kukaangia ilitoka, ya miaka ishirini. Akaona mwandiko. Mallika akawahi kumkalisha kwenye kipande cha ukuta kilichobaki. Alipitisha kidole juu ya mistari bila kusoma, akikizungusha kwenye kila herufi iliyolala, kama anayeshona.

Ningenyamaza hapo ingetosha. Lakini nilikuwa nimeibeba sentensi yangu kwa miaka ishirini na ilikuwa imeshafika mlangoni. Nikamwambia. Kwamba niliita watu kwa mzaha. Kwamba walikuwa wanaelekea njia ya juu wakageuka kwa sababu yangu. Kwamba Iresha aliniuliza nani amelisoma, nami nikamwambia panda nikuambie, na sikuwa hata na la kumwambia. Kwamba nilimshika mkono na sikuwa naye tena.

Yasawathi alisema bila kuinua macho kwamba ni bahari.

"Bahari haikumwita," nikamwambia.

Akasema hakuna aliyejua. Nikasema kutojua ni kwa watu wote, lakini kuita nilikuwa mimi. Mallika alinivuta shati, nikamtoa mkono. Akasema hata wale waliokwenda njia ya juu, si wote walifika. Nikasema wengi walifika. Sauti yangu ilikuwa imepanda, ileile sauti ya zamani, ndiyo kwanza irudi baada ya miaka yote hiyo, na watu walianza kugeuka. Nikamwambia asinitetee. Nikamwambia mwanao nilimuua mimi, dada, kwa mikono hii, nilimvuta juu akaja kama karatasi.

Hapo ndipo alipoinua uso. Macho yalikuwa makavu kabisa.

"Kama karatasi," alisema. "Mlango wa treni ulikuwa juu ya kichwa changu, na maji yalikuwa shingoni mwangu. Mtoto wa miaka tisa angefikaje mikononi mwako? Nani alikuwa chini anamsukuma, Upasena? Watu wote waliita siku ile, wa paani waliita, wa njia ya juu waliita. Mimi nilichagua mlango wako, kwa sababu wewe nilikujua. Kama ni kesi, basi wa kwanza kushtakiwa ni mimi, wewe utafuata. Kama si kesi, funga mdomo usogee pembeni. Unanizibia mwanga, na ukurasa huu sijaumaliza."